Analipwa Asilime, na Mkataba Ukiisha?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama ni haki serikali kumlipa mkulima ili aache kulima sehemu ya shamba lake kwa ajili ya hifadhi. Nasema ni haki, mradi fedha hizo ziende kwenye ardhi ambayo tangu mwanzo haikufaa kulimwa, na anayelipa awe amejiuliza mapema kitakachotokea mkataba utakapokwisha.

Nautazama mpango wa Marekani ulioanzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985. Mkulima huomba kuingiza eneo lake, maombi hushindanishwa kwa kuangalia udongo, maji na wanyamapori, na anayekubaliwa hulipwa pango kila mwaka kwa miaka 10 hadi 15, huku akisaidiwa sehemu ya gharama za kupanda nyasi au miti. Wanaoliita hilo malipo ya uvivu hawajatazama shamba la mteremkoni baada ya mvua kubwa, likiwa limechanika vijifereji kutoka juu hadi chini, na maji ya mtoni yamegeuka rangi ya udongo ule ule uliowekwa mbolea wiki chache kabla. Ukanda wa nyasi ndefu kandokando ya mto hupunguza kasi ya maji hayo, na tope hutua humo humo kabla ya kufika mtoni. Mkulima akiulima ukanda huo hupata magunia machache tu, lakini hasara inawaangukia wote wanaokunywa maji ya mto huo.

Kasoro iko kwenye muda. Mwaka 2007 mpango huo ulikuwa na karibu ekari milioni 37. Kisha bei ya mahindi ikapanda, kwa sehemu kutokana na mahitaji ya ethanoli, mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mahindi, wakulima wengi wakaacha mikataba yao iishe bila kuihuisha, na Bunge nalo likashusha kikomo hadi ekari milioni 24 kwa sheria ya mwaka 2014. Nyasi zilizotunzwa kwa fedha za umma kwa zaidi ya mwongo mmoja zilipinduliwa kwa plau ndani ya msimu mmoja. Siwalaumu wakulima, kwani soko likipandisha dau hakuna mwenye shamba atakayekataa. Waliokosea ni waliopanga pango lisiloweza kufuata soko.

Kwa hiyo ningepunguza mikataba ya mashamba mazima, ambayo pia huwanyima kazi wauza mbegu na mafundi wa matrekta wa vijijini, na hata mkulima wa kukodi, ambaye mwenye ardhi akipendelea malipo ya serikali hubaki hana pa kulima. Fedha zitakazookolewa zinunue haki ya kudumu kwenye kingo za mito, miteremko mikali na maeneo oevu, ili mmiliki abaki na shamba lake lakini sehemu hizo zisilimwe tena, hata akimuuzia mtu mwingine.