Kuzima sauti ya kompyuta kwa msimbo: niliyojifunza kwenye foleni

Wadogo zangu mnaokuja Dodoma kwa mafunzo kwa vitendo, hili nawaambia kabla hamjaligusa.

Programu yangu ya kwanza ya kulipwa hapa mjini ilikuwa ya kuita foleni: "Namba arobaini na mbili, dirisha la tatu." Mteja akaomba na kitufe cha kuzima sauti ya kompyuta nzima wakati wa kikao. Nikachukua njia ya mkato: msimbo ukawa unajifanya umebonyeza kitufe cha kuzima sauti cha kibodi. Mezani kwangu kila kitu kilikwenda sawa.

Kule ofisini, karani alikuwa ameshaizima sauti kwa mkono. Kikao kikaanza, programu nayo ikabonyeza, na taarifa ya habari iliyokuwa kwenye kivinjari ikalipuka ukumbini. Kile kitufe kinageuza tu hali kinayoikuta. Kikikuta sauti imezimwa, kinaiwasha.

Kwa hiyo taja hali unayoitaka. Kwenye Windows, tangu toleo la Vista, kuna IAudioEndpointVolume, kiolesura cha kudhibiti sauti ya kifaa kizima: pata kifaa cha sauti kinachotumika kupitia IMMDeviceEnumerator (kinachoorodhesha vifaa vya sauti), kisha ita SetMute, 1 kuzima, 0 kuwasha. Ikirudisha jibu la S_FALSE usishtuke, si kosa, maana yake hali ilikuwa hivyo tayari. Mifano ya enzi za Windows XP, toleo la kabla ya Vista, inayotumia amri ya waveOutSetVolume iacheni. Tangu Vista inagusa sauti ya programu yako peke yake. Na muulize mteja vizuri, maana mara nyingi kuzima sauti ya programu peke yake ndicho anachokitaka, na ISimpleAudioVolume, kiolesura cha kazi hiyo, inamtosha.

Kilichonisumbua zaidi ni kurudisha hali. Soma hali ya sasa kwa GetMute kwanza, andika jibu kwenye faili, ndipo uzime. Umeme ukikatika katikati ya kikao, kompyuta huwaka ikiwa bado bubu, na watu wanakaa kwenye mabenchi wakisubiri namba zinazoitwa bila kusikika. Programu ikianza, iangalie faili hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Halafu kuna waya wa HDMI. Ukichomekwa, sauti inaweza kuhamia kwenye TV, na wewe umezima spika za zamani. Sikiliza OnDefaultDeviceChanged, taarifa ya Windows kwamba kifaa cha sauti kimebadilika.

Siku ya kukabidhi kazi, kaa kwenye kiti cha karani. Zima sauti kwa kibodi, bonyeza kitufe chako, chomeka TV, kisha chomoa kompyuta ukutani na uiwashe upya.