Marekani iendelee kuipa Ukraine silaha au basi?

SWALI: Habari mhariri, hii vita ya Ukraine imeanza Februari 2022 na haiishi, Marekani wamemwaga silaha weee, si bora waache tu watu wakae mezani wayamalize?

JIBU: Kukaa mezani sawa ndugu msomaji, ila ukikaa mikono mitupu unapangiwa tu. Ukraine ilikubali kuachia nyuklia za Kisovieti zilizobaki kwake, 1994 kule Budapest, ikaahidiwa na Urusi yenyewe pamoja na Marekani na Uingereza kwamba mipaka yake itaheshimiwa, halafu 2014 Urusi hiyohiyo ikaichukua Crimea, rasi ya Ukraine, sasa karatasi nyingine bila silaha nani ataiamini?

Na zile dola kama bilioni 61 zilizopita Kongresi Aprili 2024, watu wanadhani zilibebwa kwenye mabegi hadi Kyiv, kumbe sehemu kubwa inabaki kwenye viwanda vya Marekani hukohuko. Tena tangu 2025 nchi za Ulaya ndo zinanunua silaha za Kimarekani zinaipelekea Ukraine.

Mimi naona waendelee, hasa makombora ya Patriot ya kulinda anga, ila waseme wazi wanataka kufika wapi, maana hapo ndo wanababaisha toka mwanzo.