Kabla hujalipia kozi ya tabianchi kwa maafisa mikopo, fungua mafaili

Mkuu, usilipie hiyo kozi. Umeuliza kuhusu cheti, ukumbi na bajeti ya siku tatu za Julai kwa maafisa mikopo wa SACCOS yenu ya Masasi, halafu ukasema mtoa kozi amewaambia hatari ya tabianchi iko kwenye mikopo ya kilimo tu, na kwenu hiyo ni robo, kwa hiyo robo tatu iko salama. Sisi tuliumia hapo hapo. Tuliuziwa maneno hayo hayo na mshauri mwenye slaidi za barafu inayoyeyuka, na hadi leo nina hasira naye. Mtu aliyekaa Newala hata Novemba moja, msimu wa kuuza korosho, asingethubutu kuyasema.

Chukua faili la mama mwenye duka Tandahimba. Kwenye safu ya sekta ni "biashara ndogondogo". Sasa fungua daftari lake la mauzo. Machi hadi Agosti ni chumvi, mafuta ya kupima, vocha. Kuanzia Oktoba ni mabati, magodoro, simu. Mnunuzi ni mkulima aliyelipwa korosho. Bodaboda ameandikwa "usafirishaji", lakini abiria wake wanatoka kwenye mnada wa korosho. Mwenye fuso naye anabeba magunia ya korosho ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Sekta tofauti kwenye ripoti, mfuko mmoja unaowalipia wote. Fuata pesa ya marejesho inakotoka, achana na jina la sekta.

Mfuko huo unatoboka hivi. Mkorosho unachanua kati ya Juni na Septemba. Asubuhi za ubaridi na umande zinaleta ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, na mvua ikinyesha wakati huo inaosha salfa, dawa ya kuuzuia, maua yanakauka. Mvua ikiwahi wakati wa kuokota, korosho zinalowa chini ya mti na kushuka daraja. Kwa hiyo kilo zinapungua na bei inashuka mwaka huo huo.

Badala ya kozi hiyo, fanyeni mafunzo yenu wenyewe. Kila afisa aje na mafaili 10 halisi, majina yamefunikwa. Achore mstari wa miezi 12: juu tarehe za marejesho, chini pesa inaingia lini na inatoka kwa nani. Kisha apige hesabu. Namba za darasani: mikorosho 100, kilo 8 kwa mti, shilingi 2,500 kwa kilo, jumla 2,000,000. Punguza mavuno kwa asilimia 30, zinabaki kilo 560. Shusha bei hadi 2,000, unapata 1,120,000. Toa 400,000 za salfa na vibarua, zimebaki 720,000. Rejesho la Desemba ni 900,000. Mkulima hajala pesa ya mtu, na bado hawezi kulipa. Rudia kwa mwenye duka ukikata mauzo yake ya Novemba, ndipo darasa zima linanyamaza.

Wasichanganye pesa iliyochelewa na pesa iliyopotea. Malipo ya mnada yakichelewa wiki sita, unasogeza tarehe ya rejesho. Mavuno yakipotea, kusogeza tarehe ni kulimbikiza deni. Dawa yake ilikuwa kukopesha kiasi kidogo tangu mwanzo. Mwenye fuso ana la kwake pia: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar–Lindi eneo la Somanga, malori yalisimama na tarehe za rejesho hazikusimama.

Mwongozo wa Benki Kuu ya Tanzania (BoT) wa 2022 kuhusu hatari za kifedha za tabianchi maafisa wausome siku ya mwisho, michoro na hesabu zao zikiwa mezani. Wakianza nao watakariri maneno tu.

Halafu Julai mmechelewa. Mikopo ya pembejeo itakuwa imeshatoka na salfa iko shambani. Fanyeni Machi.