Kwa anayeanza kuchuma uyoga wa porini: tuanze na ule unaoua

Karibu kila mgeni anayenifuata porini huja na swali lilelile: uyoga upi unatibu? Mmoja ana mama mwenye kisukari, mwingine amesikia kuna kuvu la mti linalozuia saratani. Nawaelewa, maana hata mimi sikuingia msituni kutafuta kitoweo. Nilikuwa namtafutia nafuu mtu wangu wa nyumbani. Lakini jibu langu la siku ya kwanza halibadiliki. Weka kikapu chini, tuanze na uyoga unaoua.

Amanita phalloides, kwa jina la kitaalamu, ndio unaosababisha vifo vingi zaidi vya sumu ya uyoga duniani. Asili yake ni Ulaya, ila umesafiri pamoja na miche ya miti hadi mabara mengine. Hautishi kwa sura. Kofia yake ni laini, rangi ya kijani iliyochanganyika na njano iliyofifia, mara nyingine nyeupe kabisa. Chini ya kofia kuna matamvua meupe, yaani yale makunjo membamba yaliyopangika kama kurasa za kitabu, shina lina pete, na pale chini kabisa, mara nyingi ndani ya udongo, kuna kifuko kama ganda la yai lililopasuka. Walioula wakapona husimulia kwamba ulikuwa mtamu. Sumu yake, amatoksini, haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa.

Kinachofanya sumu hii iwe mbaya zaidi ni kuchelewa kwake. Mlaji hukaa saa 6 hadi 12, pengine hata 24, bila dalili yoyote. Kisha hutapika na kuharisha vibaya. Siku ya pili au ya tatu hupata nafuu, nyumbani wakashukuru, kumbe ini linaendelea kuharibika. Kofia moja inatosha kumuua mtu mzima. Kwa hiyo kama mtu amekula uyoga jana usiku na leo asubuhi ndiyo anaanza kutapika, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na asirudishwe nyumbani kwa sababu tu tumbo limetulia.

Ukishaijua sura hiyo, nakufundisha kuchukua alama ya spora, yaani ule unga laini ambao uyoga huzalia, kama mbegu zake. Msimu wangu wa kwanza nilikuta kwenye nyasi duara la uyoga mkubwa mweupe, kofia pana kama sahani, zenye magamba ya kahawia katikati. Ulifanana na uyoga mwingine unaoliwa niliokuwa nimeonyeshwa wiki iliyotangulia, nami nikajaza kikapu. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Aliniambia nikate shina la mmoja tu, nilaze kofia juu ya karatasi nyeupe matamvua yakiangalia chini, nifunike kwa bakuli, nilale. Kulipokucha niliinua bakuli. Karatasini palikuwa na miale myembamba iliyopangika kuanzia katikati kwenda nje kama njiti za gurudumu la baiskeli, unga laini unaopeperuka ukiupulizia, na rangi yake ilikuwa kijani cha majivu.

Ulikuwa Chlorophyllum molybdites, uyoga unaowatapisha watu wengi katika nchi za joto. Kwa kawaida mtu mzima hafi kwa kuula, lakini ndani ya saa 1 hadi 3 tumbo linakatika kwa namna asiyoisahau, na kwa mtoto mdogo upungufu wa maji unaweza kuwa hatari kubwa. Matamvua yake yakiwa machanga ni meupe, hivyo jicho peke yake halikuokoi. Ule unaoliwa, niliodhani nimeuokota, hutoa spora nyeupe. Tofauti nzima ilikuwa pale kwenye karatasi, nami nilikuwa tayari nimeshaandaa sufuria. Nikushauri utumie karatasi yenye nusu nyeusi na nusu nyeupe, kwa sababu spora nyeupe hazionekani juu ya weupe.

Hapo lazima niseme juu ya vipimo vya mitaani, kwa kuwa vinaua. Eti ukichemsha na kijiko cha fedha kikiwa cheusi basi una sumu. Eti ukiona umeliwa na konokono au wadudu, hata binadamu aule. Eti uliomea juu ya mti ni salama siku zote. Hakuna hata kimoja cha kweli. Amatoksini haibadilishi rangi ya kijiko, konokono hula bila kudhurika uyoga unaotuua sisi, na Galerina marginata, kauyoga kadogo ka kahawia kanakoota kwenye magogo, kana sumu ileile ya Amanita phalloides. Mtu akikufundisha kipimo kimoja cha kutenganisha uyoga wote mzuri na mbaya, usile anachopika.

Usikate uyoga usioujua kwa kisu juu ya udongo. Uchimbue mzima, taratibu, kwa vidole au kijiti, utoke na kila kilichozikwa. Anayekata shina anaacha kifuko ardhini, yaani anaacha ushahidi pale pale. Na uyoga ambao bado ni yai, haujafunguka, mwanafunzi wangu, usiuchume hata kama una hakika gani. Wahamiaji kutoka Asia wamekufa Marekani na Australia kwa kudhani wameuona Volvariella volvacea, uyoga wa majani ya mpunga waliouzoea kwao. Ukikomaa, huo hutoa spora za waridi na hauna pete, wakati Amanita hutoa nyeupe. Lakini yai halitoi spora, na pete bado imekunjwa ndani.

Anza na aina moja. Ijue ikiwa changa, imekomaa, imenyeshewa, imekauka, imezeeka, ndipo uongeze ya pili. Mimi nilitumia msimu mzima kwa aina mbili tu na sijutii. Kwa anayeishi penye vichuguu, uyoga wa mchwa ni mwalimu mzuri. Mchwa wanaulima kwenye bustani zao chini ya ardhi, kwa hiyo shina lake linaendelea kushuka kama mzizi mrefu hadi kwenye makao yao. Ukichimba unaufuata kwa mkono, na alama yake ya spora ni ya waridi. Uyoga uliosimama juu ya kichuguu lakini hauna mzizi huo usiuhesabu kuwa uyoga wa mchwa, uache. Jina la kienyeji nalo lisikutoshe. Jina lilelile, ukivuka mto, laweza kuwa la uyoga mwingine kabisa.

Sasa tuje kwenye tiba, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo watu wema wanapopotea.

Uyoga ni chakula bora bila kuongezewa sifa. Una nyuzinyuzi, protini, vitamini za kundi B na madini ya potasiamu, mafuta yake ni kidogo mno. Kuta za chembe zake zina beta-glukani, aina ya wanga, na hizo ndizo wanasayansi wanazozichunguza kwa habari ya kinga ya mwili. Sifa za dawa hazikutoka hewani. Ganoderma, lile kuvu gumu lenye mng'ao kama limepakwa vanishi, limetumika China na Japani kwa karne nyingi. Kutokana na Trametes versicolor, kuvu jembamba lenye mistari ya rangi kama mkia wa ndege, Japani ilitengeneza dawa iliyoidhinishwa mwaka 1977, na lentinani, dawa itokanayo na uyoga wa shiitake, ikafuata mwaka 1985. Angalia lakini zilivyotumika: zilisafishwa kiwandani, zikapimwa kipimo, wagonjwa wakapewa pamoja na tiba nyingine za saratani, chini ya macho ya madaktari. Hakuna aliyeambiwa aache hospitali akanywe maji ya kuvu. Nimemwona mtu niliyempenda akiahirisha matibabu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya chai ya Ganoderma, na ile chai nilikuwa nimemchemshia mimi. Sitaki uje ubebe mzigo kama huo.

Kwa hiyo kunywa chai yako ukipenda. Ganoderma halitafuniki, linakatwa vipande na kuchemshwa taratibu kwa muda mrefu, na uchungu wake utaujua kwa fundo la kwanza. Ila mwambie daktari wako, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au unakaribia kufanyiwa upasuaji. Hata uyoga wa masikio, ule laini kama sikio unaoota kwenye magogo yenye unyevu, unaweza kupunguza kasi ya damu kuganda ukiliwa kwa wingi. Mwenye matatizo ya figo akae mbali na chaga, kuvu jeusi la miti ya baridi linalouzwa kama unga: lina oksalati nyingi, na wapo walioharibika figo baada ya kulitumia kila siku kwa miezi.

Figo zinanikumbusha Japani, mwaka 2004. Kuna uyoga mweupe kama bawa, Pleurocybella porrigens, unaoota kwenye visiki vya misonobari. Vizazi na vizazi waliula bila shida. Mwaka ule watu 17 walikufa, wengi wao wakiwa na maradhi ya figo. Na Julius Schäffer, mtaalamu wa uyoga wa Ujerumani, alikufa mwaka 1944 baada ya kula Paxillus involutus, ambao wakati ule ulihesabiwa kuwa chakula. Nawasimulia wageni mambo haya mawili kila msimu, kwa sababu wengi huamini kwamba kilicholiwa zamani hakina haja ya kuulizwa tena.

Jikoni sina mengi. Pika uive vizuri, kila aina, kila mara. Uyoga mbichi humeng'enyeka kwa shida, na shiitake isiyoiva huwaletea baadhi ya watu vipele vya mistari mwilini kama waliochapwa fimbo. Usichume kando ya barabara kubwa, kwenye jalala wala shamba lililopuliziwa dawa, kwani kuvu hufyonza metali nzito kutoka ardhini. Beba kwenye kikapu. Ndani ya mfuko wa plastiki uyoga hutoa jasho na kuoza kabla hujafika. Ukitaka kuukausha, ugeuze matamvua yaangalie jua: mwanga wake hugeuza ergosteroli iliyomo kuwa vitamini D, na hii ni faida ya kiafya ninayoweza kukuahidi bila kigugumizi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uyoga, kama 90 kwa 100, ni maji, kikapu kizima kitabaki konzi chache.

Aina ambayo hujawahi kula, hata ukiitambua kwa uhakika, onja vijiko viwili vitatu tu vilivyopikwa, mtu mzima peke yake, bila pombe, halafu subiri siku nzima. Usichanganye aina mbili mpya kwenye sufuria moja. Na kabla hujapika, tenga uyoga mmoja mzima, mbichi, uutie kwenye mfuko wa karatasi na kuuweka kwenye friji kwa siku tatu, ukiwa umeandika tarehe na mahali ulipouchuma. Akiugua mtu, nenda nao hospitali pamoja na mabaki ya chakula, na umweleze daktari saa mliyokula na saa dalili zilipoanza.