Sumu kwenye chakula: imekaa wapi, na inatokaje?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja: nifanye nini ili familia yangu isile kemikali zenye madhara? Kabla ya kujibu kila moja, mimi hujiuliza sumu hiyo imekaa wapi. Iko juu ya ganda, imo ndani ya nyama, au imezaliwa jikoni kwako? Ukishajua hilo, utajua kama kuosha kutasaidia.

Naosha matunda na mboga kwa sabuni ili kuondoa dawa za wadudu. Nafanya sawa?

Acha sabuni. Ganda la tunda lina vitundu, sabuni huingia humo ukaila. Tumia maji yanayotiririka huku unasugua kwa vidole, na kwenye kabichi toa majani ya nje. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, waliloweka matufaha kwenye maji yenye baikaboneti ya soda kwa dakika 12 hadi 15, na dawa iliyokuwa juu ya ganda ikatoka vizuri kuliko kwa maji matupu. Kipimo chao kilikuwa gramu 10 kwa lita, yaani kama vijiko viwili vya chai. Ila sehemu ya dawa ilikuwa imeshapenya ndani ya ganda, na huko maji hayafiki. Ukimenya utaiondoa, pamoja na nyuzinyuzi. Tafadhali, hofu hii isikufanye uache mboga. Kuzikosa kuna madhara zaidi.

Karanga zikiota ukungu kidogo, nikizikaanga sana si sumu inakufa?

Haifi, mama. Hili ndilo swali linaloniumiza zaidi, maana wengi wanaamini hivyo. Moto unaua kuvu wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuiacha, sumukuvu, inastahimili kukaanga na kuchemsha. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika. Kwa binadamu huleta saratani ya ini, na ikiliwa nyingi kwa mara moja huua.

Kwa hiyo kazi yako ni kuchagua. Zimwage kwenye sinia mahali penye mwanga, uzipitishe kwa kidole chache chache. Toa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, na yenye vumbi la kijani au la njano. Mara nyingi punje chache ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima, ndiyo maana nusu saa hiyo ina thamani. Ukitafuna moja ukasikia uchungu, tema. Mbovu usiwape kuku wala usizisage. Kuzisaga ni kuificha sumu tu. Mahindi nayo ni hivyo hivyo. Zilizobaki zihifadhi zikiwa kavu kabisa, mbali na sakafu.

Nimesikia mchele una arseniki. Niache wali?

Hapana. Mpunga hukua ndani ya maji, ndiyo maana hunyonya arseniki ya udongoni kuliko nafaka nyingine. Pika kwa maji mengi, vikombe 6 hadi 10 kwa kikombe kimoja cha mchele, kisha mwaga maji. Aina ya arseniki yenye madhara zaidi hupungua kwa asilimia 40 hadi 60. Mchele ulioongezwa vitamini utapoteza baadhi yake, na hiyo ndiyo gharama. Mtoto mchanga asitegemee uji wa mchele peke yake, mbadilishie nafaka.

Nina mimba ya miezi minne. Samaki nimwache kwa sababu ya zebaki?

Usimwache, dada yangu. Mtoto anahitaji mafuta yake kwa ajili ya ubongo. Badilisha aina tu. Zebaki imo ndani ya nyama, hivyo haioshwi wala haikaangiki ikatoka. Samaki mkubwa hula wadogo mwaka hadi mwaka, na zebaki yao inajilimbikiza kwake. Epuka papa na nduaro. Kula dagaa na sadini.

Chipsi za nyumbani zina ubaya gani?

Viazi vikikaangwa kwa moto unaozidi nyuzi 120 hutengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, jambo lililogunduliwa Sweden mwaka 2002. Viloweke dakika 15 hadi 30, vikaushe, uvitoe vikiwa rangi ya dhahabu kabla havijawa kahawia. Viazi vibichi usiviweke kwenye friji. Baridi huviongezea sukari, nayo ndiyo inayozaa akrilamaidi. Vya kuchemsha havina shida hiyo.

Napasha chakula kwenye vyombo vya plastiki. Ni hatari?

Joto na mafuta ndivyo vinavyoivuta kemikali itoke kwenye plastiki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Pashia kwenye kioo au udongo wa kauri, na mchuzi wa moto uache upoe kabla ya kuumimina kwenye plastiki. Chombo kilichochubuka au kupauka kitoe jikoni, ukitumie kuwekea misumari.