Maswali ya Wasomaji: Rubani Anasahauje Magurudumu?

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu anasomea urubani. Amezoea Cessna 172 yenye magurudumu yasiyokunjwa, sasa anahamia Piper Arrow, ambayo yake hukunjwa. Nasikia hata marubani wazoefu husahau kuyashusha, ndege ikatua kwa tumbo. Si kuna honi ya kuwaonya? Au ni uzembe tu?
Mama wa mwanafunzi, Kisongo, Arusha

JIBU: Shikamoo mama. Mara nyingi si uzembe, ni kukatizwa. Tuseme binti anakuja kutua uwanja wa Kisongo, na desturi yake ni kushusha magurudumu anapokuwa sambamba na mwanzo wa njia ya kutulia. Kabla hajafika hapo, mnara wa kuongoza ndege unamwambia arefushe mzunguko, kuna ndege ya Caravan mbele yake. Anaitafuta kwa macho, anajibu redioni. Pale mahali pake pamepita na mkono haujagusa swichi. Hatari kama hiyo humkuta aliyeghairi kutua, akakunja magurudumu na kuzunguka upya: anakumbuka kabisa kwamba aliyashusha, ila kumbukumbu hiyo ni ya mzunguko uliopita.

Honi ipo, lakini asiitegemee. Kwenye Arrow hulia nguvu ya injini ikipunguzwa sana, presha ya manifoldi (bomba la hewa inayoingia kwenye injini, kipimo cha nguvu yake) ikiwa chini ya takriban inchi 14 za zebaki, huku magurudumu hayajajifunga chini. Anayekuja na nguvu kiasi huenda asiisikie mpaka apunguze nguvu yote juu ya lami, na hapo honi ya kuonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kubeba ndege nayo iko karibu kulia. Anadhani honi ya magurudumu ndiyo hiyo ya mabawa, anaendelea kutua. Mwalimu amsikilizishe milio yote miwili hadi aitofautishe.

Kinachosaidia ni taa tatu za kijani, moja kwa kila gurudumu. Arrow ina mabawa ya chini, magurudumu hayaonekani kutoka kwenye kiti, hivyo taa ndizo macho yake. Mwendo ukiwa chini ya noti 129 (maili za baharini kwa saa) anashusha, kisha anazigusa kwa kidole moja moja akihesabu kwa sauti. Akageukia njia ya kutulia, ahesabu tena. Akifika futi 300 juu ya ardhi, ahesabu mara ya tatu, hata kama ana uhakika. Mafuta, magurudumu, mchanganyiko (wa mafuta na hewa), propela, mikanda: mpangilio huohuo kila safari, na akikatizwa katikati aanze upya kwenye mafuta.

Kuna mtego mdogo hapo. Kwenye Arrow, ukiwasha taa za nje za usafiri, zile za kijani hufifia ili zisimuumize rubani macho usiku. Kwenye jua la saa saba mchana utaapa zimezimika. Azime kwanza taa za usafiri. Ikibaki moja haiwaki, achomoe balbu ya jirani inayowaka aiweke pale. Ikiwaka, tatizo lilikuwa balbu.

Mwili wa ndege nao husema. Magurudumu yakitoka, ndege hupungua mwendo. Ikiwa amepunguza nguvu kama siku zote na ndege bado inateleza haitaki kupungua, aangalie taa kabla ya jambo lingine lolote.

SWALI: Rubani akisikia propela inakwangua lami, kwa nini asiongeze nguvu apae tena?
Msomaji, Moshi

JIBU: Kwa sababu propela iliyopinda haivuti sawasawa, na mtikisiko wake unaweza kuharibu injini hewani. Akishasikia mkwaruzo, atue hapohapo, aishike ndege iende moja kwa moja. Ikisimama, akate mchanganyiko, afunge mafuta, azime swichi kuu, wote watoke. Baadaye injini itafunguliwa na kukaguliwa ndani, hata kama propela imepinda ncha tu, kwani pigo lile hufika hadi kwenye krenkshafti, mhimili unaozungusha propela, na gia zake.