Kumpeleka mtoto kuona Rais akiapishwa: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii karibu zote ni za wazazi. Uchaguzi Mkuu ni 10 Agosti 2027, na kuna familia ambazo tayari zinaweka akiba ya kwenda Nairobi kumwona Rais akila kiapo. Nafurahi kuona hivyo. Lakini mnaniuliza habari za viti na chakula, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za geti. Basi ya geti nitayasema mimi, mkiuliza msipouliza.

Shikamoo. Nafanya kazi Doha na likizo naiomba miezi mingi kabla. Nataka kuwapeleka wanangu wawili. Nikate tiketi ya ndege ya tarehe gani?

Marahaba, binti yangu. Usikate tiketi isiyobadilishika tarehe. Kifungu cha 141 cha Katiba kinasema Rais huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo kutangazwa, ikiwa hakuna kesi. Kesi ikiwapo, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu Mahakama ya Juu kuuthibitisha ushindi. Matokeo yana siku saba za kutangazwa, kesi ina siku saba za kuwasilishwa, na majaji wana siku 14 za kuamua.

Piga hesabu. Matokeo yakitoka 15 Agosti na asitokee mtu wa kwenda mahakamani, sherehe ni 31 Agosti. Mtu akienda na siku zote zikatumika, ni 14 Septemba. Yakitoka siku ya mwisho, 17 Agosti, ni 7 Septemba bila kesi, au 21 Septemba kukiwa na kesi. Na tangu tupate Katiba hii kesi imekuwapo kila uchaguzi: 2013, 2017 na 2022. Mwaka 2017 ndio uliowaadhibu wenye haraka. Mahakama ilifuta matokeo 1 Septemba, uchaguzi ukarudiwa 26 Oktoba, na kiapo kikaliwa 28 Novemba.

Omba likizo ya Septemba kwa ajili ya kukaa na wanao. Sherehe ikiangukia humo, ni heri juu ya heri.

Watoto wanaruhusiwa kuingia uwanjani?

Swali hili limekuja tena, na tena bila umri wa mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja na kijana wa miaka 15 si safari moja. Mkiniandikia, andikeni umri.

Hakuna askari wa kukurudisha kwa sababu umebeba mtoto. Hapo ndipo wazazi wanapokosea, maana wanadhani wasichozuiwa ni salama. Msimamo wangu ni huu, na sitaubadilisha: mtoto ambaye utalazimika kumbeba, mwache nyumbani. Chini ya miaka kumi, mwache nyumbani.

Tarehe 21 Machi 2021, watu walipofurika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kuuaga mwili wa Rais Magufuli, 45 walikufa kwenye msongamano. Watano walikuwa wa familia moja, watoto miongoni mwao. Walitoka nyumbani kama mtakavyotoka ninyi, kwa heshima na mapenzi kwa nchi yao. Tarehe 20 Oktoba 2023, Sikukuu ya Mashujaa, watu wanne walikufa Kericho alfajiri wakati umati ukiingia uwanjani, kabla gwaride halijaanza. Antananarivo, 26 Juni 2019, watu wasiopungua 15 walikufa nje ya uwanja wa Mahamasina siku ya uhuru wa Madagaska.

Mimi mwenyewe nilimpeleka mpwa wangu wa miaka saba Uhuru Park, 30 Desemba 2002, Kibaki alipoapishwa. Kulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena nchini. Watu walikuwa juu ya miti. Umati ulipovuta mbele, mkono wake ulinichomoka, nikamwona mgongo mara moja, kisha sikumwona tena. Tulimpata saa kumi jioni, amekaa na mama mmoja muuza karanga aliyemfunika leso na kumkataza kuondoka. Yule mama simjui jina hadi leo, na namwombea. Huwezi kupanga safari ya familia ukitegemea kwamba mama wa namna hiyo atakuwapo.

Uwanja utakuwa upi?

Sherehe za 2013, 2017 na 2022 zote zilikuwa Kasarani. Subirini tangazo rasmi la 2027 kabla ya kulipia chumba cha kulala.

Mume wangu anasema tukitoka Nakuru usiku na kufika saa mbili asubuhi tutapata nafasi, kwa sababu kiapo ni kuanzia saa nne. Mimi naona tumechelewa. Nani ana haki?

Una haki wewe, mama. Sheria inataka kiapo kiliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na watu husoma hilo wakadhani ndiyo saa ya kufika. Tarehe 13 Septemba 2022 Kasarani ilikuwa imeshajaa kabla ya mapambazuko. Uwanja ule wakati huo ulikuwa na nafasi ya watu kama 60,000. Waliokuja baadaye walilisukuma geti, walio mbele wakaanguka, na makumi wakaumia. Mwaka 2017 waliojaribu kuingia kwa nguvu walirushiwa mabomu ya machozi. Mtoto wako angekuwa wapi saa hiyo?

Ndani ya uwanja, mtu akishaketi, hatari ni ndogo. Hatari iko nje, pale walio nyuma wasipojua kwamba mbele kumefungwa. Wao wanasikia muziki, wanadhani wanacheleweshwa, wanasukuma. Ninyi mlio mbele hamwezi kwenda popote. Kwa hiyo kama hamko ndani kufikia saa kumi na moja alfajiri, rudini. Msingoje geti lifunguliwe tena. Tafuteni televisheni, mnywe chai, mwone kiapo chote na sura za watu, jambo ambalo aliye jukwaa la mbali haoni.

Na waandaaji nao wasikie, kwa kuwa najua baadhi yao husoma hapa: kuwaalika wananchi bila kuwaambia mapema kwamba uwanja umejaa ni kosa. Wekeni vipaza sauti barabara ya Thika, watu waambiwe wakiwa bado kilomita mbili nyuma.

Mheshimiwa wetu hapa Kitale amekodisha mabasi, bure, pamoja na fulana na chakula. Twende?

Msiende na watoto. Basi la bure lina saa ya kwenda tu. Likishawashusha, dereva ameegesha asikokujua mtu, aliyewaandikisha hashiki simu, nanyi mko Roysambu usiku na watoto wenye njaa. Nimesikia kisa hiki kila baada ya sherehe. Anayekusafirisha bure ana haja na kichwa chako kihesabiwe pale uwanjani, na haja hiyo inakwisha wimbo wa taifa ukiimbwa mara ya mwisho. Lipeni nauli yenu. Asiye na nauli ya kurudi hana safari.

Kuna jamaa anauza kadi za jukwaa la wageni waalikwa. Ni za kweli?

Kadi ya mwaliko haiuzwi. Huyo ni tapeli, na kama umeshamlipa, nenda polisi.

Sisi ni wanne, mdogo ana miaka 12. Tubebe nini?

Kidogo. Chupa za vioo, visu na vyuma mtanyang'anywa kwenye ukaguzi, na mwavuli mrefu huenda ukabaki nje. Bebeni maji kwenye chupa ya plastiki, kofia, sweta kwa ajili ya baridi ya alfajiri, dawa za anayetumia dawa, na viatu vya kufunga kamba. Ndara hapana. Bebeni pesa taslimu, kwa sababu mtandao hulemewa watu wakiwa wengi mahali pamoja, na M-Pesa ikikwama hamtakuwa na nauli.

Kwa sababu hiyo hiyo msitegemee simu ya kutafutana. Mwandikieni huyo wa miaka 12 namba ya mzazi mkononi kwa kalamu, hata akilalamika. Chagueni mahali pa kukutana nje ya uwanja, mbali na geti, ambapo mtoto amepaona kwa macho yake. Mkifika ndani, mwonyesheni hema la Msalaba Mwekundu. Namba yao ya dharura ni 1199.

Mama yangu ana miaka 74 na presha, anatamani sana. Tuko Voi.

Mheshimu kwa kumwambia ukweli. Treni itamfikisha Syokimau bila taabu, lakini baada ya hapo kuna kutembea, kusimama gizani na kukaa juani mpaka alasiri bila choo cha karibu. Mwalikeni jamaa nyumbani, pikeni, mumpe kiti cha mbele ya televisheni.

Nikibanwa nifanye nini?

Watu wengi wanaokufa kwenye msongamano hufa kwa kukosa pumzi wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa. Kwa hiyo linda kifua. Kunja mikono mbele yake kama bondia. Usishindane na wimbi la watu. Likipungua nguvu, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni, kidogo kidogo. Jiepushe na ukuta na vyuma vya uzio. Simu ikianguka, iache. Ukianguka wewe na ushindwe kusimama, lala kwa ubavu, ujikunje, ufunike kichwa. Na ukihisi watu wa pande zote wanakugusa na huwezi tena kuinua mikono, umechelewa kuondoka. Ondoka kabla ya hapo.

Nina miaka 16, niko kidato cha tatu. Baba amekataa nisiende na mjomba. Nataka kuona historia.

Barua yako ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwonyeshe baba haya. Mimi ningekuruhusu, kwa masharti niliyoyaandika juu.

Historia yenyewe ni hii. Tarehe 30 Desemba 2007, Kibaki aliapishwa Ikulu, jioni, muda mfupi tu baada ya kutangazwa mshindi, mbele ya watu wachache. Nchi ikawaka moto. Ndiyo maana leo sheria inataka kiapo kiwe mchana, hadharani, jijini, na tarehe ijulikane. Kule kukaa kwako juani na maelfu ya watu usiowajua kumewekwa kwenye sheria ili kiapo kisiliwe gizani tena.

Ukiwa pale, mwangalie Msajili Mkuu wa Mahakama akimwapisha, Jaji Mkuu akiwa pembeni. Kukiwa na Rais anayeondoka, subiri amkabidhi mwenzake upanga na nakala ya Katiba. Kisha mizinga 21 italia. Mwambie mjomba akushike bega kabla ya mzinga wa kwanza, kwa sababu watu hushtuka na kusogea.